Walipenda Kwanza, Wakalipwa Baadaye: Historia ya Fedha za Blogu

Mtu anayefungua blogu leo huulizwa swali moja kabla hajaandika hata aya ya kwanza: italipa? Miaka thelathini iliyopita hakuna aliyeuliza hivyo. Watu waliandika kuhusu stempu, paka, filamu za kale na vijiji walikozaliwa kwa sababu walivipenda, na wasomaji walikuja kwa sababu hiyo hiyo. Fedha zilifuata baadaye, na karibu kila mara zilipitia mlango wa mtu mwingine: mwenye seva, dalali wa matangazo, mtambo wa utafutaji, mtandao wa kijamii. Historia hii inaifuata milango hiyo mmoja baada ya mwingine, kutoka Pennsylvania na California hadi Helsinki, Dar es Salaam na Nairobi. Naamini anayeijua ataifanya kazi hii kwa akili zaidi, na hatakipoteza kile kilichowaleta wasomaji kwake tangu mwanzo.

1994–1999: Ukurasa wa bure, faida ya mwenye mtaa

Mwanzoni mwa 1994, Justin Hall, mwanafunzi wa chuo cha Swarthmore huko Pennsylvania, Marekani, alitengeneza ukurasa wake kwenye mtandao. Alianza kwa kuorodhesha tovuti zilizomvutia. Baadaye akaanza kuandika maisha yake mwenyewe: marafiki, mapenzi, kifo cha baba yake. Neno blogu lilikuwa bado halijazaliwa, lakini wengi humhesabu Hall miongoni mwa waasisi wa uandishi huo. Hakuwa na bidhaa ya kuuza wala mdhamini wa kumridhisha.

Mwaka huo huo, mjini Beverly Hills, California, David Bohnett na John Rezner walianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama GeoCities. Waligawa nafasi ya bure kwa yeyote aliyetaka kuwa na ukurasa wake, na waliipanga nafasi hiyo kama jiji. Wapenzi wa filamu walikaa mtaa wa Hollywood, wapenzi wa hadithi za anga na viumbe wa sayari nyingine wakapewa Area51, na waandishi wa mambo ya familia wakaishi Heartland. Kila mwanachama alipata namba ya nyumba katika mtaa wake. Sasa hata mtu asiyejua lolote kuhusu seva aliweza kuchapisha maarifa yake yakasomwa upande wa pili wa dunia.

Nafasi ilikuwa ya bure kwa sababu kuna aliyelipia. Tarehe 27 Oktoba 1994, jarida la mtandaoni la HotWired lilianza kuonyesha matangazo ya mabango, likiwemo lile mashuhuri la kampuni ya simu ya AT&T. Tangu hapo macho ya msomaji wa mtandao yakawa na bei. GeoCities nayo ilipobandika matangazo kwenye kurasa za wanachama wake, fedha ziliingia kwa kampuni, wala si kwa yule aliyekesha akiandika. Mwezi Januari 1999, Yahoo ilikubali kuinunua GeoCities kwa hisa zenye thamani ya takriban dola bilioni 3.57. Utajiri huo ulijengwa na mamilioni ya watu waliokuwa wakiandika vitu walivyovipenda, na katika mauzo hayo hawakuwa na fungu.

Miezi michache baadaye walipata kujua nafasi yao kwa uchungu zaidi. Katikati ya 1999 Yahoo ilitoa masharti mapya yaliyoipa haki pana juu ya maandishi na picha zilizomo katika kurasa hizo. Wanachama walikuja juu, wengine wakafuta kurasa zao, wengine wakahama. Yahoo ikalegeza masharti. Ulikuwa mgogoro mkubwa wa mapema kati ya waandishi wa mtandao na mwenye mlango, na waandishi walishinda kwa sababu moja tu: waliweza kuondoka, na wasomaji wao wakawafuata.

Wakati huo njia nyingine ya fedha ilikuwa imekwisha kufunguka pembeni. Mwaka 1996 Amazon ilianzisha mpango wa kamisheni. Mwenye ukurasa aliweka kiungo cha kitabu, msomaji akibofya na kununua, sehemu ya bei ilirudi kwa mwenye ukurasa. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini maana yake ilikuwa kubwa. Mpenzi wa bustani aliyesoma vitabu vya bustani kwa miaka mingi sasa aliweza kulipwa kwa kujua kipi ni kizuri na kipi hakifai. Kilichouzwa kilikuwa uaminifu wake kwa wasomaji, na aliyesifia kitabu kibovu aliumaliza uaminifu huo kwa mkono wake mwenyewe.

1999–2002: Kuandika kunakuwa rahisi, kulipwa bado

Mpaka hapo, kuandika kila siku kulihitaji ujuzi wa msimbo. Mwezi Agosti 1999 kampuni ndogo ya San Francisco, Pyra Labs, iliyoanzishwa na Evan Williams na Meg Hourihan, ilitoa Blogger. Mwandishi aliandika kwenye kisanduku, akabonyeza kitufe, na maandishi yakatokea juu ya ukurasa yakiwa na tarehe yake. Kazi iliyokuwa ya fundi ikawa ya mtu yeyote mwenye jambo la kusema.

Watumiaji walimiminika, ila fedha hazikuja. Hisa za kampuni za mtandao zilianza kuporomoka mwaka 2000 na wawekezaji wakakunja mikono. Pyra iliishiwa kiasi kwamba iliwaomba watumiaji wachangie fedha za seva, nao wakachanga. Mwanzoni mwa 2001 wafanyakazi waliondoka, Williams akabaki akiiendesha Blogger peke yake. Mchango ule unastahili kukumbukwa. Watu waliopewa kitu bure walitoa mifukoni mwao ili kisife, miaka mingi kabla ya kuwepo kwa mitandao ya kuchangia waandishi.

Kipindi hicho pia kilionyesha kwamba kuandika mtandaoni kuna gharama zisizo za fedha. Mwaka 2002 Heather Armstrong, mwenye blogu ya Dooce, alifukuzwa kazi kwa yale aliyoyaandika kuhusu kazini kwake. Aliendelea kuandika juu ya ndoa, uzazi na ugonjwa wa sonona, na baadaye alipoanza kupokea matangazo blogu yake ikawa tegemeo la familia nzima. Akina mama wengi walimfuata wakaifanya habari ya malezi kuwa biashara kamili. Wakati huo huo, maisha ya nyumbani yaligeuka bidhaa. Armstrong alifariki mwaka 2023 baada ya kupambana kwa muda mrefu na sonona na ulevi, mambo ambayo hakuwaficha wasomaji wake.

2003–2004: Mnada unaofanyika kabla ukurasa haujafunguka

Mwaka 2003 ndio uliobadilisha kila kitu. Februari, Google iliinunua Pyra na Blogger yake. Aprili, ikainunua kampuni ya Applied Semantics iliyokuwa na teknolojia ya kusoma ukurasa na kutambua unazungumzia nini. Mei, Matt Mullenweg na Mike Little wakatoa WordPress, programu huria ambayo mtu yeyote angeweza kuiweka kwenye seva yake mwenyewe bila kuomba ruhusa. Juni, Google ikafungua AdSense.

Inafaa kuitazama AdSense kwa karibu, maana ndiyo iliyofanya watu wengi duniani waamini kwamba burudani yao inaweza kuwalipa. Mwandishi alipewa mistari michache ya msimbo akaibandika kwenye ukurasa wake. Mtambo wa Google uliyasoma maneno ya ukurasa. Msomaji alipoufungua, wenye matangazo walishindanishwa kwa mnada unaokwisha kufumba na kufumbua, na mshindi akaonekana. Msomaji akibofya, mtangazaji alilipa na Google ikagawana na mwandishi. Kwa miaka saba Google haikusema mgawo wake ni upi. Mei 2010 ndipo ilipotangaza kwamba kwa matangazo ya kurasa za aina hii mwandishi alikuwa akipata asilimia 68.

Kabla ya hapo, mwenye blogu ndogo hakuwa na la kumwambia mtangazaji mkubwa. Hakuwa na ofisi, afisa masoko wala namba ya kupiga. Sasa mpenzi wa baiskeli za zamani aliweza kulala na kuamka akiwa ameingiza senti kadhaa, na haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 2004 Darren Rowse wa Australia, aliyekuwa akiandika kuhusu kamera za dijitali, alianzisha ProBlogger kufundisha wengine njia hiyo. Oktoba 2005 AOL iliinunua Weblogs Inc., kampuni ya mkusanyiko wa blogu, kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa dola milioni 25. Habari za namna hiyo zilifika kila mahali penye intaneti.

Lakini mnada ule ulikuwa na tabia mbili. Ya kwanza, bei ya bofyo ilitegemea thamani ya mteja kwa mtangazaji. Bofyo kwenye habari za bima au mikopo lilizidi mara nyingi bofyo kwenye mashairi, na bofyo la msomaji aliyeko Marekani lilizidi la msomaji aliyeko Tabora. Ya pili, fedha ziliufuata ukurasa uliotafutwa, hata kama haukuwa na maana. Basi wakazuka watu walioanzia kwenye bei: wanatafuta neno lenye mnada mnono, kisha wanaandika chochote kulihusu. Tangu hapo waandishi wa kupenda na waandishi wa kuwinda maneno wamekuwa wakigombea ukurasa ule ule wa matokeo ya utafutaji.

2004–2008: Libeneke linafika nyumbani

Blogu za Kiswahili hazikuanza kwa kuwinda matangazo. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, mwandishi Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, alianzisha Jikomboe, inayotambuliwa kuwa blogu ya kwanza ya Kiswahili. Aliandika siasa, utamaduni na falsafa kwa lugha ambayo wakubwa wa teknolojia hawakuwa na habari nayo, na alitumia muda mwingi kuwahimiza wengine wafungue zao. Alishiriki pia kuijenga Wikipedia ya Kiswahili. Pato lake kwa kazi hiyo lilikuwa watu: kila aliyemfundisha aliongeza msomaji na mwandishi mmoja.

Mmoja wao alikuwa Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa siku nyingi wa magazeti ya serikali. Septemba 2005 alikuwa Helsinki, Finland, kwenye mkutano wa kimataifa ulioandaliwa na serikali za Finland na Tanzania. Huko huko, kwa msaada wa Macha, akafungua blogu. Alirudi nyumbani katika mwaka wa uchaguzi mkuu, kamera begani, akiwa na mahali pa kuweka picha ambazo gazeti lisingezipatia nafasi.

Kilichofuata hakikuwa na mfano. Wasomaji wakawa wadau, mwenye blogu akawa Ankal, blogu yenyewe ikaitwa Globu ya Jamii, na kuandika kila siku kukawa kuendeleza libeneke. Mtanzania aliyeko London, Houston au Muscat aliamka akafungua Michuzi kabla ya kunywa chai. Alikuta harusi ya Magomeni, msiba wa mtu aliyesoma naye sekondari, mkutano wa waziri, foleni ya Ubungo, picha ya zamani ya wanamuziki yenye swali kwa wadau: mnawatambua hawa? Majibu yalikuja kwa makumi, na mara nyingi yalikuwa na utamu kuliko picha. Maggid Mjengwa naye alianzisha yake, akiwaonyesha wasomaji maisha ya mikoani. Chemi Che-Mponda akaandika Swahili Time kutoka Marekani, akiwaunganisha walio nje na walio ndani.

Mazingira yalikuwa magumu. Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake na dunia, na gharama yake ilikuwa kubwa. Wengi waliingia mtandaoni kwenye vibanda vya intaneti, wakilipa kwa dakika, na picha moja ilipanda polepole kiasi cha mtu kuzungumza na jirani yake mpaka mazungumzo yaishe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wasomaji wa mwanzo walikuwa ughaibuni au maofisini, na hali hiyo ndiyo iliyoamua namna fedha zilivyoingia.

Hapakuwa na mnada wa mtambo. Mfanyabiashara alipiga simu, wakapatana bei ya mwezi, bango likawekwa pembeni mwa ukurasa. Walikuja mawakala wa kusafirisha magari na mizigo kutoka nje, kampuni za simu, benki, waandaaji wa maonyesho ya muziki. Walilipa kwa sababu walijua nani anasoma: watu wenye kipato, walio mbali na nyumbani na wenye hamu ya habari za nyumbani. Biashara ile ilisimama juu ya jina la mwenye blogu, na alipokosea wadau walimwambia pale pale mbele ya watu wote.

Upande wa Kenya thamani ya blogu ilipimwa kwa kipimo kingine. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalizua machafuko, na serikali ikazuia matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ory Okolloh, mwanasheria aliyeandika blogu ya Kenyan Pundit, alipokea taarifa za mauaji na watu kufukuzwa makwao nyingi kuliko alivyoweza kuziweka peke yake. Januari 2008 akatoa wazo la ramani ambayo kila raia angeweza kuichangia. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaijenga kwa siku chache, nayo ikaitwa Ushahidi. Programu hiyo ilikuja kutumika katika majanga na chaguzi sehemu nyingi duniani. Kutokana na mtandao huo wa watu, Machi 2010 ikafunguliwa iHub jijini Nairobi. Watu waliokuwa wakiandika kwa kupenda walikuwa wamezaa taasisi na ajira, ingawa hakuna bango lolote la tangazo lililowalipa kwa hilo.

2009–2013: Waya wa baharini na bahasha ya Google

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi na kuiunganisha pwani yetu na Asia na Ulaya. Mwaka huo huo mkongo wa TEAMS ulitua Mombasa, na EASSy ukafuata 2010. Kasi ilipanda, bei ikaanza kushuka, na simu za mkononi zikawaingiza mtandaoni watu ambao hawajawahi kukaa mbele ya kompyuta. Msomaji wa blogu sasa alikuwa dereva wa bodaboda mwenye bando la siku, si mhasibu wa ofisini peke yake.

Vijana wengi wakafungua blogu za muziki, mpira, kilimo, ajira na mapenzi, na safari hii wengi walianza na ndoto ya AdSense. Hapo ndipo walipogundua kuwa mlango ule haukutengenezwa kwa vipimo vyao. Tuseme kijana wa Morogoro anaandika kuhusu ufugaji wa kuku wa kienyeji, kwa Kiswahili safi, na wafugaji wanamsoma. Kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwamo katika orodha ya lugha zilizokubaliwa na AdSense. Maombi yake yanakataliwa, au akipitia mlango wa pembeni anaona nafasi tupu pale tangazo lilipotakiwa kukaa. Akihamia Kiingereza anakubaliwa, lakini sasa anashindana na kurasa za wafugaji wa Texas, na wasomaji wake wa Kilosa wamebaki nyuma.

Aliyekubaliwa naye hakuwa amefika. Akaunti ilipofikia dola 10, Google ilituma kwa posta bahasha yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani. Nchini Tanzania barua nyingi hufika kwenye sanduku la posta, si kwenye nyumba, na vijana wengi hutumia sanduku la shule, kanisa au ofisi ya mjomba. Bahasha ikipotea, fedha zinabaki kwenye skrini. Ikifika, bado alisubiri akaunti itimize dola 100 ndipo alipwe, na kwa bofyo la senti chache kutoka kwa msomaji wa hapa, dola 100 zilikuwa safari ya miezi. Kasoro hii si ya kijana yule. Soko la matangazo halikuwa limethamini lugha yenye wasemaji wengi kuliko lugha kadhaa za Ulaya zilizokuwa zikihudumiwa tangu mwanzo.

Duniani nako milango ilikuwa inabadilishwa kufuli. Oktoba 2009 Yahoo iliifunga GeoCities ya Marekani, na mamilioni ya kurasa yakaondoka hewani; sehemu iliyosalia iliokolewa na watu waliojitolea kuzinakili. Februari 2011 Google ilitoa badiliko lililoitwa Panda, likazishusha tovuti zilizojaa maandishi mepesi. Google yenyewe ilisema liligusa karibu asilimia 12 ya utafutaji nchini Marekani. Wawindaji wa maneno waliumia, lakini hata waandishi wa kweli waliokuwa wamesimama karibu nao walijeruhiwa. Julai 2013 ikafungwa Google Reader, programu iliyowawezesha wasomaji kufuatilia blogu walizozichagua wenyewe. Tangu hapo orodha ya nini kisomwe leo ilizidi kupangwa na mitambo ya mitandao ya kijamii.

Katika kipindi hicho wanablogu wa Kenya waliamua kushikana mikono. Mwaka 2011 kikaundwa chama chao, BAKE, kikatoa mafunzo, kikawatafutia wanachama wateja wa matangazo, na mwaka uliofuata kikaanzisha tuzo za blogu. Mwandishi mmoja wa mapishi hakuweza kumwendea mkurugenzi wa masoko wa kampuni kubwa, ila chama kiliweza.

2014–2018: Udaku, kunakili, na kanuni za leseni

Wasomaji walipohamia Facebook, Instagram na WhatsApp, blogu nyingi za Kiswahili ziliwafuata kwa njia fupi. Habari moja ilinakiliwa na kubandikwa kwenye blogu ishirini, ikiwa na kichwa cha kushtua na picha isiyohusika. Mpiga picha aliyeipata kwa jasho hakutajwa. Matokeo yake watangazaji walishindwa kutofautisha nani ni nani, bei ya bango ikashuka kwa wote, na wasomaji wakaanza kulihusisha neno blogu na uzushi. Kwa maoni yangu, jeraha hili tulijitia wenyewe, na lilitugharimu zaidi ya badiliko lolote la mitambo.

Waliobaki na mvuto ni wale waliotoka nje na kurudi na kitu chao. Millard Ayo, mtangazaji wa redio, alijenga tovuti kwa jina lake, kisha akaingia kwenye video mapema kwa kutuma wapiga picha kwenye tukio lenyewe, na watu walimwendea kwa kuwa alikuwa na picha ambayo wengine hawakuwa nayo.

Kisha ikaja sheria. Machi 2018 serikali ya Tanzania ilitoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, akilipia maombi shilingi 100,000, leseni ya kwanza shilingi 1,000,000 na ada ya mwaka shilingi 1,000,000. Jumla ni shilingi 2,100,000, zaidi ya dola 900, wakati wastani wa pato la mwaka la Mtanzania mmoja ulikaribia dola 1,000. Fomu ilidai majina ya wenye hisa, mtaji, sifa za wafanyakazi na hati ya kodi. Aliyekaidi alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni tano, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Kanuni ile haikutofautisha chombo cha habari chenye wafanyakazi na mwalimu aliyeandika hadithi za kijiji chake jioni baada ya kusahihisha madaftari. Mahakama Kuu Mtwara iliisimamisha kwa muda mwezi Mei baada ya watetezi wa haki na wadau wa habari kufungua shauri, kisha zuio likaondolewa. Juni, JamiiForums, jukwaa kubwa lililoanzishwa mwaka 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi, lilizimwa kwa muda. Wenye blogu wengi wadogo walizifunga zao kimyakimya. Waliokuwa na mapato walilipa wakaendelea. Walioandika kwa kupenda tu ndio waliotoka. Kwa hiyo kanuni hiyo, hata kama nia yake ilikuwa kudhibiti uzushi, iliwaondoa waandishi ambao hawakuwa na sababu ya kuzusha. Baadaye kanuni zilirekebishwa na ada zikapunguzwa, lakini blogu nyingi zilizofungwa hazikurudi.

Kenya ilipitia njia tofauti mwaka huo huo. Bunge lilipopitisha sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao, BAKE ilikwenda mahakamani, na mwishoni mwa Mei 2018 Mahakama Kuu ikasimamisha vifungu 26 kwa muda. Kesi ilikuwa ndefu na haikumaliza mabishano, lakini waandishi waliokuwa na chama walikuwa na wakili, na hilo si jambo dogo.

2019 hadi leo: Lango la utafutaji linakuwa jembamba

Miaka ya karibuni kipato kimehamia zaidi kwenye video, ukurasa wa Instagram na televisheni za mtandaoni. Serikali nazo zimeitambua biashara hii kama chanzo cha kodi. Kuanzia Julai 2023 Kenya hukata asilimia 5 ya malipo ya maudhui ya kidijitali kwa wakazi wake. Kazi iliyoanza kama burudani ya jioni sasa ina mstari wake katika sheria ya fedha.

Wenye tovuti ndogo duniani kote wamekutana na pigo jipya. Septemba 2023 Google ilibadilisha tena namna ya kupanga matokeo, na wengi wakapoteza sehemu kubwa ya wageni wao. Mei 2024 ilianza kuwaonyesha watafutaji wa Marekani majibu yaliyoandikwa na akili mnemba juu ya viungo vyote. Anayeuliza namna ya kuwakinga kuku dhidi ya mdondo anaweza kupata jibu bila kufungua ukurasa wa yule aliyefuga, akapoteza kuku, akajifunza na kuandika. Mpango wa 2003, wa mtambo kuleta msomaji na msomaji kuleta tangazo, unalegea machoni petu.

Historia hii ina mkondo mmoja. GeoCities iligawa nafasi, ikauzwa, ikafungwa. AdSense ililipa wengi, lakini kwa bei na lugha ilizochagua yenyewe. Facebook ilipeleka wasomaji kwa blogu na vyombo vya habari, kisha Januari 2018 ikatangaza kuwapa kipaumbele ndugu na marafiki, na wageni hao wakapungua. Kila mara walioumia zaidi walikuwa na mlango mmoja tu. Walionusurika walijulikana na wasomaji wao kwa jina, waliuza kitu kilichotokana na ujuzi wao, iwe ushauri, kitabu, mafunzo au tangazo walilopatana wenyewe, na walikuwa na njia ya kuwafikia wasomaji hao bila kupitia kwa dalali.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema zama za blogu zimekwisha. Kilichokwisha ni ahadi kwamba maneno yoyote yakiwekwa mtandaoni yatageuka fedha yenyewe. Mwenye kujua mihogo ya Mtwara, taarab ya Tanga, magari chakavu ya kutoka Japani au sheria za ardhi za kijijini bado ana kitu ambacho hakipatikani kwingine, na Kiswahili, kilichowahi kumfungia nje ya mnada, leo ndicho kinachomtenga na kurasa zinazofanana za dunia nzima. Anayeanza sasa na aandike anachokijua kuliko jirani zake, anunue anwani ya tovuti yake mwenyewe, ajenge orodha ya wasomaji anaoweza kuwafikia kwa barua pepe au simu, ajiunge na wenzake, na afuate sheria bila kuacha kudai iwe ya haki. Matangazo yakija, yamkute tayari ana wasomaji.